Mtani wa Mama Duka

Hapana. Hapo umekosea, na ungekuwa mbele yangu ningekukatisha kabla hujamaliza. Hakwenda kumdhihaki marehemu. Wewe umeona klipu fupi kwenye simu, mtu mzima kajifunga kitenge kama sari, kalala chini mbele ya geti la Wahindi anapiga kelele, ukacheka, ukarusha kwenye magrupu, ukaandika chini yake "ona walimu wetu". Mimi nilikuwepo. Nilikuwa upande wa pili wa barabara, ndala moja mguuni na nyingine mkononi imekatika, na niliona mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo tulia. Nitakuambia ni mtu gani yule, halafu ndiyo useme.

Jina lake sitaji. Limeshatajwa vya kutosha na watu wasiomjua. Shuleni tulimwita Madam. Walimu wote wa kike ni madam, najua, lakini wengine ulikuwa lazima uongeze: Madam wa Hesabu, Madam wa zamu, Madam mnene. Huyu akisemwa "Madam anakuja", watu walikuwa wanachomekea mashati bila kuuliza yupi.

Alifundisha uraia. Kipindi chenyewe kilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo joto la Tabora linakuwekea mkono begani linakuambia lala. Walimu wengine wangesoma kitabu wakamaliza. Yeye siku moja alifika kwenye alama za taifa, bendera, nembo, mwenge, akafunga kitabu pwaa, akauliza, "Aliyechora hii nembo, kabla ya hii alichora ngapi akazitupa?"

Tukatazamana.

"Hamjui. Hata mimi sijui. Basi na sisi tuanze kuchora za kutupa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza klabu yake. Kazi ya klabu ilikuwa moja tu: kuchora alama ya watu wa rangi mbalimbali na asili mbalimbali kukaa mji mmoja bila kuchinjana. Nasema hivyo kwa sababu yeye alisema hivyo. Kwenye barua ya mkuu wa shule iliandikwa kwa maneno mazuri zaidi. Na mji wetu si unaujua. Kuna Wanyamwezi, kuna Wasukuma, kuna Waha, kuna Wamanyema, kuna Waarabu ambao babu zao walikuja na misafara wakaoa hapahapa, kuna Wahindi wa dini mbili tatu wenye maduka, na kuna sisi, watoto wa Wazaramo walioletwa na reli. Madam alisema Tabora haina wenyeji, ina waliotangulia na waliochelewa, na kila aliyetangulia anajifanya ndiye aliyejenga.

Sasa sikiliza alivyofundisha, maana wewe unafikiri alikuwa mtu wa kukurupuka.

Mwanafunzi mpya wa klabu siku zote anachora mikono. Mkono mweusi umeshika mkono mweupe. Wote tulichora, hata mimi. Madam anaichukua karatasi, anaisogeza mbali kwa sababu miwani yake ilikuwa imechoka, anauliza, "Hawa wanasalimiana au mmoja anamuuzia mwenzake gari bovu?" Darasa linakufa kwa kicheko, wewe unarudi kukaa. Mwingine anachora njiwa. "Njiwa huyu unamfuga? Kwenu mnafuga nini? Kuku? Basi kwa nini kuku hakufaa?" Mwingine ramani ya Afrika yenye moyo katikati. "Huo moyo uko Kongo. Sisi tutafaidije?"

Hakuchana karatasi ya mtu hata siku moja. Alikuwa anakurudishia na swali, na lile swali unalala nalo.

Halafu alikuwa na sheria yake ya kijiti. Ukishamaliza kuchora, unatoka nje, unachukua kijiti, unaichora mchangani. Kama mtoto wa darasa la kwanza akipita hawezi kuiiga, anakuambia, "Hiyo ni picha. Picha nzuri, kampelekee mama yako. Alama ni kitu kinachobaki ukishaondoa uongo." Basi unaondoa. Unaondoa vidole, unaondoa nguo, unaondoa ile nyota uliyoipenda. Mpaka leo napaka mabango ya saluni na ya mama ntilie kwa sheria ile. Mimi nilipata ziro kidato cha nne, najisema mwenyewe kabla hujanisemea, na kupaka rangi sikufundishwa na chuo chochote. Lakini ukipita Tabora ukaona bango unalolisoma ukiwa juu ya bodaboda bila kupunguza mwendo, kuna uwezekano mkubwa ni la kwangu.

Na kabla ya kuchora chochote, alikuwa anatutuma majumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu. "Nenda nyumba ya mtu usiyefanana naye. Kaa. Usimuulize maswali kama mtangazaji. Kaa mpaka wakusahau. Rudi na kitu kimoja ambacho kwenu hakipo na kimoja ambacho kipo kotekote." Mimi alinipeleka kwa familia ya Kiarabu nyuma ya soko. Nilikaa nimejikunja kama mwizi. Halafu nikaona uvunguni mwa kabati ile mbuzi ya kukunia nazi, kibao na ulimi wake wa chuma, umeshika kutu. Nikapiga kelele, "Na sisi tunayo!" Baba yangu alikuja nayo kutoka Uzaramo, na kwetu pia ilikuwa imeshika kutu, maana Tabora nazi unaipata kwa kubahatisha. Yule bibi wa Kiarabu alicheka mpaka akanipa halua.

Nilipomweleza Madam alivua miwani akaifuta. "Mbuzi mbili, nazi hakuna," akasema. "Ndiyo nchi yenyewe hiyo. Kila mtu kabeba kitu cha kwao ambacho hapa hakina kazi, na hawezi kukitupa."

Sasa niambie mtu wa namna hiyo anakwendaje msibani kutukana kabila la mtu.

Lakini sitakudanganya kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha kutosha mitaa miwili. Alichelewa vikao makusudi. Alimwambia mkuu wa shule mbele yetu kwamba suti yake ilishonwa na mtu mwenye hasira. Na alikuwa na chupa yake ya chai, ile ya plastiki nyekundu, anakwenda nayo kila mahali. Harusini anapewa sahani ya pilau, anampa mtoto wa jirani, anafungua chupa yake. Kwenye sherehe ya Maulidi hivyohivyo. Akikutembelea nyumbani anasimama mlangoni: "Mimi napita tu." Unamkaribisha kiti, "Napita tu." Tulisema ni tumbo lake. Wengine walisema anaogopa kulogwa. Mimi nilikuwa nawatukana hao, na sasa hivi sijui kama nilikuwa najua ninachomtetea.

Kitu kingine ambacho lazima ukijue ni utani, maana bila huo hutaelewa lolote. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo sisi ni watani, na kwa mtani hakuna shikamoo isiyokuwa na tusi nyuma yake. Siku ya kwanza kabisa aliponiuliza baba yangu ni mtu wa wapi nikamjibu, alinitazama juu mpaka chini. "Mzaramo! Mmemaliza minazi yote huko, sasa mmekuja kutulambia asali?" Nikamjibu, "Asali gani Madam, hiyo mnayoifukuzia nyuki kwa harufu ya makwapa?" Darasa likaganda. Nikajua nimefukuzwa shule. Madam akaweka chaki chini, akaja mpaka kwenye dawati langu, akanipa mkono. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wake. Mtu akimgusa, amenigusa.

Alitufundisha kwamba utani ulizaliwa njiani. Wazee waliobeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani walipita kwenye nchi za watu waliokuwa wanapigana nao. Walipochoka kupigana, wakapatana kutukanana badala yake. Unaniibia kuku, nakutukana, yamekwisha. Ukifa, mimi mtani wako ndiye naingia msibani bila kuogopa, navaa nguo zako, natembea kama ulivyokuwa unatembea, nazuia jeneza mlangoni mpaka nipewe kitu. Ndugu zako wanaolia wanajikuta wanacheka. Hiyo ni heshima ambayo ndugu mwenyewe haruhusiwi kuitoa.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza, "Madam, na wale waliopitishwa njia ile wamefungwa minyororo, nao walitaniwa?"

"Hapana," akasema. "Hao hawakutaniwa na mtu. Na msije mkakubali mtu awaambie kicheko kinafunika hilo. Hakifuniki. Lakini niliyenaye leo hapa mtaani, nimfanyeje? Nimheshimu kwa mbali mpaka siku atakapochomewa duka? Watu wanaoheshimiana kwa mbali nawaogopa kuliko wanaotukanana."

Hapo ndipo anapoingia Mama Duka.

Mama Duka alikuwa bibi wa Kihindi, Mhindu, duka la vitambaa, uzi, vifungo, lile la kona, karibu na pale bodaboda wanapoegesha. Alizaliwa Tabora, akaolewa Tabora, akafiwa na mume Tabora. Alivaa sari na juu yake sweta ya kijani, kiangazi na masika, na miwani amefunga na uzi wa kushonea. Futi ya mbao ilikuwa mezani lakini alipima kitambaa kwa mkono, toka puani mpaka kwenye ncha ya vidole, na ukimlalamikia anakuambia nenda kalete pua ndefu kuliko yangu. Ukishikashika vitambaa bila kununua utasikia, "Kama hununui usinishikie!" Mji mzima unaijua sauti ile.

Madam alipita pale kila jioni akitoka shule. Unawasikia kabla hujawaona.

"Mwangaluka, mwalimu," Mama Duka anamsalimia Kinyamwezi kabisa, halafu hapohapo, "Umekuja kununua au kunipumulia vitambaa?"

"Nimekuja kuangalia kama umekufa nirithi duka."

"Utarithi panya. Wanakula zipu siku hizi."

"Panya wa Kihindi hao, nyama hawataki."

Mama Duka anavua miwani afute machozi ya kicheko. Wateja wamesimama hawajui wacheke au waondoke. Na nilisikia kwa masikio yangu haya, nikiwa nanunua lasteki, Madam akimwambia, "Siku ukifa nitavaa sari yako nipite nayo mji mzima." Na Mama Duka akamjibu, "Utaivaaje na tumbo hilo? Nitakupimia vitambaa viwili tuunganishe."

Umesikia? Alimwambia. Na mwenyewe akajibu. Hiyo nilikuwa naibeba kama hati ya shamba, kila nikibishana na mtu naitoa.

Mimi nikiwa nimeshamaliza shule lakini bado napita klabuni, klabu ilipewa ruhusa ya kuchora alama yake ukutani, hadharani. Watoto wakahangaika. Mikono, njiwa, mikono tena. Halafu binti mmoja mpole, wa kutoka Igalula, ambaye hakuwa anaongea, akachora wanawake wawili, kaunta katikati, kila mmoja anamtolea mwenzake ulimi. Madam aliitazama ile karatasi, akatoka nje. Tulifikiri amekasirika. Alikuwa anapenga kamasi.

Wakaiondolea uongo kwa wiki kadhaa. Kaunta ikawa mstari. Nyuso zikawa nusu duara mbili. Ndimi zikawa vijipinde viwili vinavyokaribia kugusana. Mtoto wa darasa la kwanza aliichora mchangani mara moja, halafu naye akatoa ulimi.

Mkuu wa shule aligoma. "Madam, ulimi nje ni matusi. Wageni wakija nitawaambia nini?"

"Waambie watoe na wao."

Kibali cha ukuta alikitoa Mama Duka mwenyewe, ubavu wa duka lake unaotazama barabara. Mimi ndiye niliyeitwa kupaka. Siku zote za kazi alikuwa ananiletea chai ya tangawizi pale barazani, kikombe cha bati, anasimama ameweka mikono kiunoni. "Yule mnene ni mwalimu. Mimi nichore mwembamba." Nikamwambia Mama, hizi ni nusu duara, zote sawa. "Basi yake ongeza kidogo." Nikaongeza. Ungepima ungeona, ya kushoto ilizidi.

Akafa. Ghafla tu, presha. Wanawe wakaja, wengi wao wanakaa Dar na nje ya nchi. Anayehusika hapa ni mmoja, wa mwisho, aliyekulia hapahapa akicheza mpira na kaka zetu kabla ya kuondoka.

Madam alipopata habari hakulia. Alijifungia. Kumbe alikuwa anajiandaa. Alitafuta kitenge kirefu chenye maua mekundu na njano, sweta ya kijani akaazima kwa jirani, miwani akaifunga uzi, futi ya mbao akaipata kwa fundi cherehani. Alifanya kila kitu jinsi mtani mkubwa anavyotakiwa kufanya. Hakubakisha.

Tulikuwa tumejaa upande wa pili wa barabara, nusu mji, kwa sababu kila mtu alimpenda yule bibi, na hakuna aliyejua asimame wapi. Geti likafunguliwa. Walitoka wamevaa nyeupe. Wote, nyeupe tupu, wanaume wamebeba mwili mabegani, wanawake nyuma yao, na sauti za chinichini kama mtu anayebembeleza mtoto. Na katikati ya weupe ule akatokea Madam na maua yake mekundu, anatembea kwa kuchechemea kama Mama Duka, futi mkononi, anapaza ile sauti: "Kama hununui usinishikie! Usinishikie!"

Akajilaza chini mbele ya geti. "Hatoki mtu hapa! Hatoki mpaka nipewe sweta yake!"

Sisi tukacheka.

Huo ndio uchungu wenyewe. Tulicheka kwa sababu tunajua. Pale ndipo panapochekwa. Kila mmoja wetu amezika ndugu yake kwa kicheko kile. Na kicheko kikavuka barabara, kundi zima la watu weusi linacheka, kikawafikia wale watu waliobeba mama yao. Niliona uso wa binti mkubwa wa marehemu. Hakukasirika, aliogopa. Aliwashika watoto wake akawavuta nyuma.

Kicheko kikafa chenyewe. Waliobeba wakasimama, uzito mabegani. Madam akiwa chini bado anasubiri mtu amtupie sarafu, amtukane, amwambie toka hapo wewe mwizi, ili ainuke mambo yaendelee. Kati ya wafiwa hakuna aliyejua kwamba ilikuwa zamu yake kumjibu.

Yule kijana wa mwisho akainama. Hakupaza sauti. "Mwalimu, tafadhali. Mama anapita."

Madam akainuka haraka, akakanyaga pindo, kitenge kikafunguka chote, akabaki na gagulo mbele ya watu wote. Nilikimbia. Nilivuka na ndala moja, nikamfunika, na nilimtukana kila mtu aliyekuwa ameshika simu juu, mpaka bibi yake. Yeye mwenyewe hakuniona. Alikuwa anaangalia msafara unavyokwenda.

Klipu ikafika kotekote kabla ya jioni. Mwalimu wa umoja kumbe mbaguzi. Mwalimu mlevi, wakati pombe hajui hata harufu yake. Shuleni kukawa na kikao. Hakujitetea hata kwa neno moja, wakati mimi nilikuwa dirishani nimejiandaa kuingia kutoa ushahidi wa lasteki. Aliomba uhamisho mwenyewe, akaenda Urambo.

Yule kijana hakurudi Dar. Akabaki na duka. Muda ukapita, siku moja akaniita. "Dada, wewe si ndiye unayepaka mabango? Nataka ule ukuta wa ubavuni upakwe rangi moja. Bluu, nyeupe, yoyote."

Nilimwakia. Duka zima lilinisikia. Nilimwambia huna adabu, mama yako mwenyewe ndiye aliyetoa ukuta, mama yako alikuwa Mnyamwezi kuliko wewe, yule mwalimu alimpenda kuliko mlivyompenda ninyi mliomwacha hapa na panya. Nikamtolea ushahidi wangu wote. Sari, vitambaa viwili, neno kwa neno.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, kwa Kiswahili hiki hiki chetu, "Najua utani, dada. Nimezaliwa hapa. Nilielewa alichokuwa anafanya." Akavuta pumzi. "Lakini kwetu siku ile ni ya kimya. Tunaamini anasikia, na tunamsindikiza taratibu asishtuke. Ninyi mlikuwa wengi vile barabarani, mmenunua hapa toka enzi za babu yangu. Mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, kwenu mnazikaje?"

Nikaondoka bila kuaga.

Nikaenda Urambo. Nilijiambia nakwenda kumchukua Madam aje wazungumze, mambo yaishe. Nyumba aliyopanga iko karibu na stesheni, mbele kuna vitalu vya mchicha, na hewa yote inanukia tumbaku. Nilimkuta anamwagilia. Nikaanza kumtupia maneno nikiwa mbali, kama kawaida yetu: "We Mnyamwezi, hata mchicha umekukimbia rangi!"

Akageuka. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo? Karibu."

Nilikuwa sijamwamkia. Nikasimama pale nasubiri tusi langu, halikuja. Alinitolea kiti, akaniuliza habari za baba. Nikamuuliza habari za shule. "Nafundisha kitabu," akasema. "Wanafaulu."

Nikamweleza yote ya kijana. Nikamweleza nilivyompasha. Nilipofika kwenye lile swali lake, nikaongeza haraka, "Lakini Madam, Mama Duka mwenyewe alikubali. Mimi nilisikia. Ile ya sari, alicheka."

"Alicheka," akasema. "Alikuwa anacheka na mteja."

"Madam!"

"Sikiliza. Niliwatuma ninyi wote kwenye nyumba za watu. Kaeni, mpaka wawasahau. Si ndivyo nilivyosema? Basi mimi kwa yule bibi sikuwahi kuvuka kaunta. Jioni zote zile. Kulikuwa na pazia nyuma yake, la bluu, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya pazia. Alinikaribisha, nisikufiche, zaidi ya mara moja. 'Mwalimu, ingia ule.' Nikamwambia napita tu." Alikuwa anakung'uta udongo kwenye vidole, kimoja kimoja. "Niliogopa watanilisha nini. Niliogopa kukaa vibaya kwenye kiti chao. Mambo ya kijinga hivyo. Ningeingia siku moja tu ningeona picha ya marehemu mumewe ukutani, ningeuliza mlimzikaje, angenieleza. Mara ya kwanza kufika kwenye geti la nyumba yake ndiyo ile uliyoiona."

Nilitaka kumtetea. Wallahi nilitafuta. Nilitafuta mtu wa kumtukana pale uani, hakukuwa na mtu.

"Yule kijana anataka rangi gani?" akaniuliza.

"Yoyote."

"Kapake. Paka mara mbili, ndimi zisije zikatokeza mvua ikinyesha. Ukuta ni wao." Halafu akaniangalia, na macho yalikuwa makavu kabisa. "Na wewe, alipokuwa anakuletea chai, ulinywea wapi?"

"Barazani," nikasema.

Akatikisa kichwa, akachukua ndoo yake, akaenda kuchota maji mengine.

Nimeupaka Jumamosi. Nyeupe. Yule kijana alisimama akiangalia, wala hakufurahi, nami nilikuwa na aibu ya kumwangalia usoni. Sasa wewe mwenye klipu, wewe unayejua nani mbaguzi na nani si mbaguzi, acha Madam apumzike, nijibu mimi: yule unayenunua kwake kila siku, asiyefanana na wewe, akifa kesho, unajua kwao wanaliaje?